Milimita 28 za Nani?

Askari wa kumi na saba, kisanamu cha mchezo wangu wa vita vya mezani, nilimsimamisha usiku, taa nimeiinamisha karibu kabisa na meza, buluu ya koti lake bado mbichi. Wenzake kumi na sita walikuwa wamekwisha kutulia kwenye vibao vyao, wanne wanne: kombania nne za batalioni ya Kifaransa ya mwaka 1809, wanasonga mbele, magobore begani. Nilimtelezesha katikati yao kwa ncha ya kidole, nikavuta kiti nyuma, nikatazama.

Hakukaa.

Rangi ilikuwa ile ile, kofia ile ile, shanta ile ile. Ila hakukaa, kama koti la kuazima lisivyomkaa mtu hata likipigwa pasi. Kila nilipopitisha macho kwenye safu, yalikuja kugota kwake.

Kwenye boksi lake imeandikwa milimita 28. Kwenye boksi la wale kumi na sita, ambalo ninalo mpaka leo, imeandikwa milimita 28.

Wiki tano sasa jambo hili halijaniachia. Ninaoga nalo, ninalala nalo. Nimeamua kuliandika lote, pamoja na pale nilipokosea.

Wanane waliobaki

Aliyetengeneza wale kumi na sita ameacha kuwamimina. Simlaumu. Kalibu za mpira huchoka, nao wanaozimimina huchoka. Lakini mimi nilikuwa nimenunua kidogo kidogo, nikiamini kwamba kilichokuwepo mwaka jana kitakuwepo mwaka huu, na siku nilipotaka kumalizia nikakuta seti haipo tena. Ndipo nikamchukua yule wa kumi na saba kwa mtengenezaji mwingine.

Tangu amri ya Februari 1808, batalioni ya Kifaransa ilikuwa na kombania sita, kila moja watu 140: nne za mafusilia (askari wa miguu wa kawaida), moja ya magrenadia (askari wateule), moja ya mavoltija (askari wepesi wa kutangulia). Mimi huweka visanamu vinne kwa kombania, yaani askari 24 kwa batalioni, kila mmoja akisimama badala ya watu thelathini na watano. Mafusilia nilikuwa nimewamaliza. Nilibakiwa na magrenadia wanne na mavoltija wanne.

Askari wanane tu. Nilidhani ni kazi ya wikiendi moja.

Namba iliyoandikwa kwenye boksi

Kwanza nilifanya ambalo yeyote angefanya: nilitoa kalipa, kile kifaa cha kupimia vitu vidogo. Mmoja wa wale wa zamani, kutoka unyayo hadi utosi bila kofia, ni milimita 29 na nusu. Huyu mgeni ni 32.

Nikajisemea, tatizo ndilo hilo. Milimita mbili na nusu.

Na hapo wala hakuna aliyesema uongo. Watengenezaji wengi wanapotaja 28 wanapima kutoka unyayo hadi jicho, kwa sababu utosi umefichwa na kofia, na kofia za wakati ule zilikuwa ndefu kama ndoo. Wengine wanapima hadi utosini. Wengine hawapimi kabisa. Namba imekuwa jina la ukoo, haina rula ndani yake. Ndiyo maana visanamu vinavyouzwa kama milimita 15 leo vingi vinakaribia 18, na wachezaji wamezoea kiasi kwamba hakuna anayeuliza. Airfix walipotoa seti zao za kwanza za askari wa plastiki mwaka 1959, walizipa alama ya reli za kuchezea, HO/OO, alama ambayo yenyewe inabeba skeli mbili tofauti, moja ya kumpunguza mtu mara 87 na moja mara 76. Baadaye askari wale wale wakauzwa kama wa skeli ya 1/72. Askari hawakurefuka. Kilichobadilika ni maandishi.

Ukitaka hesabu ya kweli, chukua mtu wa mita 1.70, mgawe kwa 56 (milimita 28 huchukuliwa kuwa skeli ya 1/56), unapata milimita 30 na kidogo. Jicho lake liko kama milimita mbili chini ya utosi. Ndiyo 28 hiyo. Kwa hiyo wale wangu wa zamani walikuwa sawa na mtu wa mita 1.65, na mgeni alikuwa mtu wa mita 1.79.

Nilipofika hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Sikushtuka.

Niliiamini kalipa

Nilitafuta mtengenezaji mwingine. Safari hii sikutazama picha sana; nilitafuta vipimo. Niliandika barua, nikauliza: kutoka unyayo hadi utosi ni ngapi? Nikajibiwa kwa adabu, 29 na nusu. Nikaagiza magrenadia wanne.

Walipofika nilipima kabla hata ya kukata mabaki ya chuma kwenye visahani vyao vya miguuni. 29 na nusu, mmoja baada ya mwingine. Nilifurahi sana. Niliwapaka rangi kwa siku tisa, bila haraka, nikitumia makopo yale yale na kivuli kile kile kwenye mikunjo ya makoti.

Kisha nikawaweka kwenye safu.

Walikuwa wabaya kuliko yule wa kwanza.

Vimo vyao vililingana na vya wenzao kama vile vimepigwa kwa kamba ya fundi, na bado walionekana watu wa nchi nyingine. Nilikaa nao mpaka usiku wa manane nikigeuza taa. Nilidhani ni vibao, nikabadilisha vibao. Nilidhani ni mchanga niliobandika miguuni, nikaukwangua nikaubandika upya. Nilifikia hatua ya kudhani ni macho yangu, kwamba nimezitazama nyuso hizi ndogo mno kwa muda mrefu mno na sasa ninaona tofauti ambazo hazipo. Shaka hiyo ilikuwa nzito kuliko zote, maana kalipa ilisema hivi na macho yalisema vile, nami nilikuwa nimeapa kuifuata kalipa.

Asubuhi mdogo wangu alipita na kikombe chake. Hachezi michezo hii, hajui grenadia ni nani. Aliinama juu ya meza, akaangalia kidogo, akamgusa mmoja kofiani.

"Kaka, huyu kichwa chake mbona si chake?"

Nikamuuliza kama haoni kwamba wote wana urefu mmoja.

"Urefu sijautazama," akasema. "Kichwa tu. Na mikono. Ameshika ile bunduki kama ameshika mchi."

Akaondoka zake. Mimi nilibaki pale na askari mkononi.

Gobore halirefuki

Watu hawalingani. Vidole vya mkono mmoja havilingani, seuze watu 840 waliokusanywa kutoka mashamba na mitaa mbalimbali. Simama penye kundi lolote la watu uangalie: mmoja anamfika mwenzake begani, na wala jicho halishangai. Jicho limezaliwa likiona hivyo.

Kitu kisichotofautiana kwenye batalioni ni kile kilichotoka kiwandani.

Gobore la Kifaransa la muundo wa 1777 lilikuwa na urefu wa takriban mita 1.52 bila singe. Lilikuwa hilo hilo kwa mfupi na kwa mrefu. Kwenye skeli ya 1/56 hiyo ni milimita 27. Nilirudi kwa kalipa, safari hii nikaacha vimo nikapima magobore. Wale kumi na sita: 27, wembamba wa kutosha kuonyesha pete za mtutu. Yule wa kumi na saba: 29. Wale wanne "waliolingana": 25, na unene wa mtutu karibu mara mbili. Milimita 25 ndiyo gobore la Kiingereza, lile la India Pattern, ambalo kweli lilikuwa fupi kwa zaidi ya sentimita kumi. Kwa hiyo nilikuwa nimewapa Wafaransa silaha ya adui yao, tena nene kama bomba la maji.

Nikapima kichwa, kutoka kidevuni hadi utosini. Mtu mzima ana vichwa saba na nusu ndani ya kimo chake. Wale wa zamani walikaribia hapo. Wale wanne walikuwa na vichwa sita, pungufu kidogo. Mchongaji wao alifanya hivyo kwa makusudi na ana hoja: ukimtazama askari kutoka urefu wa mkono, uso mdogo hupotea, na kiganja chembamba hakishiki rangi. Akakuza kichwa, akanenepesha mkono, akaongeza unene wa singe ili isipinde. Ni mtindo mzuri wenye wapenzi wake, na jeshi zima likichongwa hivyo hupendeza. Shida huja mtindo mmoja unapoingia katikati ya mtindo mwingine.

Tangu asubuhi hiyo simuulizi tena mtengenezaji kimo. Naomba picha ya askari akiwa pembeni ya rula, kisha natazama vitu vitatu: gobore, kiganja, kidevu hadi utosi. Vikikaa hivyo, kimo kinaweza kucheza milimita mbili na hakuna atakayejua.

Mkono wa mchongaji

Ukishaanza kuangalia hivi, unagundua kwamba jina la kampuni halikuambii mengi kama mkono uliochonga. Ndugu mapacha Alan na Michael Perry walichonga visanamu vingi vya kampuni ya Wargames Foundry kabla ya kuanzisha kampuni yao, Perry Miniatures. Anayechanganya kazi zao za zamani na za sasa hupata tofauti za ukubwa, lakini mikunjo ya nguo, namna bega linavyobeba mzigo, namna mtu anavyokanyaga, vyote vinatoka kwa watu wale wale. Ndani ya kampuni moja, kwa upande mwingine, unaweza kukuta seti mbili za wachongaji wawili ambazo hazitazamani usoni.

Halafu kuna malighafi. Chuma cheupe humiminwa kwenye kalibu ya mpira inayozunguka kwa kasi, na kwenye njia nyembamba sana chuma hakifiki vizuri, au kinafika na kutoka kikiwa dhaifu, kinapinda ukikishika. Ndiyo maana singe ya chuma huwa nene. Plastiki husukumwa kwa shinikizo kwenye kalibu ya chuma kigumu, nayo hutoa gobore jembamba kama uzi na shingo ya kweli, lakini haipendi sehemu zilizojificha nyuma ya nyingine, kwa hiyo mkono uliokunjwa kifuani huganda na koti. Weka askari wa chuma na wa plastiki bega kwa bega na tofauti ya kwanza utakayoiona ni silaha, hata kama waliowachonga ni watu wa nyumba moja.

Sasa wapo pia wa kuchapwa kwa rezini kutoka kwenye faili la kompyuta. Hawa unaweza kuwakuza kwa asilimia nne au kuwapunguza kwa tatu kabla hawajazaliwa. Niliona hapo ndipo penye wokovu wangu, mpaka nikakumbuka kwamba ukimkuza mtu kwa asilimia nne unakuza na gobore lake, na kichwa chake, na vifungo. Uwiano wa ndani unabaki ule ule. Mwenye vichwa sita anabaki na vichwa sita.

Msumeno

Kabla ya kukubali nilijaribu kulazimisha. Wale wanne niliwakata vichwa kwa msumeno mdogo, nikatoboa shingo kwa kekee ya mkono, nikaingiza pini ya shaba, nikabandika kwa supagluu vichwa vyembamba vya plastiki vilivyobaki kutoka kwenye seti nyingine. (Gundi ya plastiki haina kazi hapa, yenyewe huyeyusha plastiki ishikane na plastiki, na kwa chuma inabaki kama maji.) Jioni nzima kwa askari wawili.

Vichwa vilikaa vizuri. Viganja sasa vikaonekana vikubwa zaidi.

Nikatia msasa kwenye viganja. Nikapoteza vidole.

Hapo nilikaa chini nikafikiri kuuza wote, kumi na sita na wengine, nianze upya na kampuni moja kuanzia mpiga ngoma hadi kanali. Wapo wanaofanya hivyo na ninawaelewa. Jeshi lao likipangwa mezani linaonekana limetoka kwa mama mmoja. Lakini wale kumi na sita nimewapaka rangi kwa miaka miwili. Yule wa tatu kushoto kwenye kibao cha pili ana kiraka kwenye goti la suruali ambacho nilikichora mara nne mpaka kikakubali. Sikuweza.

Wale wanne hawakutupwa. Nimewaagizia wenzao wa mtengenezaji yule yule na watakuwa batalioni yao, kwenye ubavu mwingine wa meza. Batalioni mbili za mitindo tofauti zikiwa na nafasi ya shubiri kati yake hazigombani. Jicho hulinganisha mtu na jirani yake; halimlinganishi na mtu wa mtaa wa pili.

Futi nne na inchi kumi na moja

Kilichobaki nilikipata nisikokitafuta. Nilikuwa nikisoma habari za sare, nihakikishe kwamba magrenadia nitakaowaagiza safari hii wana koti la kabla ya kanuni za 1812, lile lenye mikia mirefu lililokatwa wazi tumboni. Hili ni kosa jingine ambalo boksi halikuonyi kwa sauti: unaweza kupata askari wa ukubwa sahihi, mkono sahihi, ila amevaa koti fupi lililofungwa hadi kiunoni ambalo wenzake wa 1809 hawajawahi kuliona.

Katikati ya kurasa hizo nikakutana na amri ya kuanzisha mavoltija, mwaka 1804 kwa vikosi vyepesi vya miguu na mwaka uliofuata kwa vikosi vya kawaida. Voltija hakuruhusiwa kuzidi futi nne na inchi kumi na moja za Kifaransa. Hiyo ni kama mita 1.60. Waliwataka wafupi wepesi, wa kutangulia mbele na kutawanyika. Magrenadia walikuwa kinyume chao: wakongwe, warefu, waliochaguliwa watishe.

Niliweka kitabu chini nikachukua kalamu.

Mita 1.60 kwa 56: milimita 28 na nusu. Grenadia wa mita 1.75: milimita 31 na kidogo.

Tofauti inakaribia milimita tatu. Ile ile niliyohangaika kuiondoa, tena kubwa zaidi, iliwekwa ndani ya batalioni kwa sheria. Wiki zote hizo nilikuwa natafuta askari wanane watakaolingana na kumi na sita, na batalioni ninayoijenga haikuwahi kulingana hata siku moja.

Sikulala mapema usiku huo, na safari hii ni kwa furaha.

Vibao sita

Magrenadia nimewapata kwa mtengenezaji wa tatu. Ni warefu kuliko mafusilia wangu kwa milimita moja na nusu, na magobore yao ni 27, mitutu yao ni myembamba, vichwa saba na robo. Nilipowauliza habari zao nilituma picha ya fusilia wangu akiwa na rula, nikarudishiwa picha ya grenadia wao akiwa na rula. Barua mbili tu, hakuna namba ya skeli iliyotajwa.

Mavoltija ni wa plastiki. Ni wafupi, 28 na nusu, nikawachagua kwa hilo hilo. Magobore yao ni membamba kuliko ya wenzao wa chuma na nilijua yatakuwa hivyo, kwa hiyo sikuwapanga bega kwa bega. Wamechuchumaa na kulenga, wametawanyika kwenye kibao kipana zaidi, mbali kidogo na safu. Kazi yao ndiyo ilikuwa hiyo. Kwenye umbali ule unene wa mtutu hauonekani.

Vitu viwili vidogo vimesaidia kuliko nilivyotegemea. Visahani vya miguuni vya plastiki ni vyembamba, nikaviwekea kadibodi ya nusu milimita chini ili nyayo zote zikanyage kwenye usawa mmoja. Mtu akisimama juu ya tuta na mwenzake ndani ya shimo, hata pacha wake hatafanana naye. Na rangi ya mbao za magobore nimeirudia kwa wote 24 siku moja, kopo moja, brashi moja, hata wale kumi na sita waliokuwa wamekwisha. Kahawia ile ile inapita kutoka mwisho wa safu hadi mwisho mwingine, na jicho linaifuata kama linafuata uzio.

Yule wa kumi na saba, wa milimita 32, yuko kwenye rafu. Nimempunguza mtutu kwa tupa na gobore lake limerudi kwenye 27. Kichwa chake ni kikubwa kidogo tu. Nadhani nitamfanya mbeba shoka wa kikosi, aende mbele peke yake na ndevu zake na aproni yake ya ngozi, maana hao nao walichaguliwa kwa maumbo yao.

Jana jioni nilivipanga vibao vyote sita kwa mara ya kwanza. Magrenadia kulia, kama kanuni ilivyotaka. Mafusilia kati, na yule mwenye kiraka gotini. Kibao cha mwisho nilikisogeza kwa vidole viwili mpaka kikafika kushoto kabisa, mbele kidogo ya wengine, wafupi wanne wakiwa wamelenga kitu ambacho bado sijakichora.

Nilivuta kiti nyuma. Macho yalipita kulia mpaka kushoto, yakatoka.